Masomo Yetu Yanaswe kwa Sauti

Nina jambo lililonikaa moyoni tangu muhula wa kwanza, na leo Chama cha Kiswahili kimenipa nafasi nilitoe.

Muhula huo nilishikwa na malaria nikalala nyumbani siku nne. Niliporudi nilifanya kama tufanyavyo sote: niliazima daftari la rafiki yangu nikanakili kila kitu. Ndani yake palikuwa na sentensi hii, "Mvuvi aliyerudi jana ameuza samaki," na chini yake mchoro wa matawi. Kilichonishangaza ni kuona herufi S juu kabisa, halafu S nyingine imejificha chini ya tawi la KN. Nikamuuliza mwenzangu, "Hii S ya pili imetoka wapi?" Akanijibu, "Mimi niliandika tu, mwalimu alieleza." Alieleza! Sasa maelezo yenyewe yako wapi? Mtihani ulipokuja, swali likawa lilo hilo, nami nikalikosa.

Baadaye nilimkimbilia mwalimu akiwa njiani kwenda ofisini. Akaniuliza, "Mvuvi yupi ameuza samaki?" Nikasema, "Yule aliyerudi jana, mwalimu." Akasema, "Basi 'aliyerudi jana' lina kitenzi chake, lakini kazi yake ni kutuambia mvuvi ni yupi. Ndiyo maana limekaa kwa mvuvi, ndani ya kikundi nomino." Hazikupita dakika mbili, nikaelewa. Hapo nilitambua kwamba daftari lilikuwa limebeba mchoro tu, na somo lenyewe lilikuwa katika sauti ya mwalimu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: shule yetu ianze kunasa masomo kwa sauti, tuyahifadhi, na aliyekosa apate kuyasikiliza.

Hebu fikirieni hali yetu. Sisi ni shule ya kutwa. Mwenzetu wa bweni akikosa somo, usiku kwenye preps ataketi na wenzake wamweleze. Sisi kengele ikilia tunatawanyika, huyu Kinondo, yule Gazi, mwingine Galu. Kuna anayezuiwa na mvua kubwa, kuna mwenye matanga nyumbani, na kuna anayerudi kutafuta karo wiki nzima. Isitoshe, sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho wa 8-4-4. KCPE yetu ya 2023 ilikuwa ya mwisho, na KCSE yetu itakuwa mwaka 2027. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili. Kuna Gredi ya 10 yenye mtaala wake. Zamani aliyeachwa nyuma aliweza kurudia darasa. Sisi turudie na nani?

Wengine watasema haya ni mambo ya vyuo vikuu vya ng'ambo. Si kweli. Hapa hapa Kenya, kati ya 1980 na 1985, palikuwa na mradi wa kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu Kiingereza kwa redio. Na nani amesahau mwaka 2020? Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na sisi tuliokuwa shule ya msingi tukaambiwa tufuate vipindi vya masomo redioni KBC. Nilivifuata. Lakini redio haimngoji mtu. Ukitumwa kisimani, ukirudi kipindi kimekwisha, na huwezi kumwambia mtangazaji arudie. Sauti iliyonaswa hurudiwa hata mara kumi. Siku hizi vipindi vya namna hiyo, unavyohifadhi na kusikiliza wakati wako, huitwa podikasti.

Ajabu ni kwamba katika fasihi simulizi tunafundishwa mbinu za kukusanya data, na kinasasauti kimo. Tunakariri faida zake: huhifadhi kiimbo, hisia na maneno yenyewe ya fanani. Tunapata alama zetu, lakini wengi wetu hatujawahi kukitumia kunasa chochote. Ikiwa hadithi ya mzee yastahili kunaswa, je, maelezo ya mwalimu hayastahili?

Muhula wa pili mlezi wa chama alitukubalia tujaribu kwa simu yake. Nitasema ukweli, siku ya kwanza tuliharibu. Tuliiweka simu dirishani, na tuliposikiliza tukapata upepo wa baharini, mbuzi na pikipiki. Mwalimu alisikika kama yuko ndani ya mtungi. Siku ya pili tuliiweka juu ya kanga iliyokunjwa kwenye dawati la mbele, tukazima mtandao isije ikalia, na tukafunga madirisha ya upande wa barabara. Sauti ikatoka safi. Tulijifunza pia kwamba mvua ikipiga mabati, afadhali uache, na kwamba mwanafunzi akiuliza kutoka nyuma, mwalimu alirudie swali ndipo ajibu.

Kuhusu nafasi, si tatizo. Somo la dakika 40 likinaswa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha sauti ya mtu, huchukua megabaiti 20 hivi. Kadi moja ya gigabaiti 32 huingia masomo zaidi ya elfu moja. Najua mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, nami sitaki sheria hiyo iguswe. Aliyekosa apewe kadi aende nayo nyumbani, aichomeke kwenye zile redio ndogo ambazo wavuvi wetu husikilizia taarabu na mawaidha. La kuangalia ni moja: redio hizo husoma MP3, na simu nyingi hunasa kwa namna nyingine, kwa hivyo sauti igeuzwe kwanza kwenye kompyuta.

Sasa nije kwa wanaopinga. Kuna walimu wanaoogopa kwamba wakiteleza ulimi, kosa litahifadhiwa na kuchekwa mtaani. Hofu hiyo ina haki yake. Nashauri mwalimu mwenyewe ndiye aamue somo lipi linaswe, na akitaka lifutwe, lifutwe bila kuulizwa. Kadi ziandikwe kwenye kitabu kama vitabu vya maktaba, na atakayesambaza sauti ya mwalimu kwa mzaha aadhibiwe. Aidha, tuko na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto. Sauti zetu tukiuliza maswali zimo humo, basi wazazi waombwe idhini kabla hatujaanza.

Wengine wanasema ati wanafunzi watatoroka vipindi kwa kuwa kadi ipo. Mimi nasema kadi apewe aliye na sababu inayojulikana kwa mwalimu wa darasa. Tena kusikiliza si sawa na kuwapo. Ubao hausikiki. Hesabati, kwa mfano, itakuwa ngumu isipokuwa mwalimu ataje kila anachoandika. Ndiyo maana napendekeza tuanze na Kiswahili, Historia na masomo ya dini, ambako maelezo ni mengi kuliko michoro.

Mwisho, nina jambo ambalo sikulitarajia. Lile somo la majaribio nililipeleka nyumbani. Lilikuwa la methali. Bibi yangu, ambaye hakusoma shule, alikuwa akipara samaki ukumbini. Aliacha kisu akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu wenu asema kweli, lakini hiyo ya pili na sisi Wadigo tunayo." Akanipa na maana yake. Miaka yote hii bibi hajui tunafundishwa nini. Siku hiyo aliingia darasani akiwa kwenye mkeka wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila siku walimu wetu wanatupa mali, na kengele ikilia nusu yake inabaki hewani. Naomba mwalimu mkuu na walimu wetu wapendwa walifikirie ombi hili muhula ujao: simu moja ya shule, kadi kumi, na chama chetu kitaifanya kazi. Na kwako mwenzangu utakayelala na homa mwaka ujao, usikose kuuliza ile S ya pili imetoka wapi.