Mhadhiri naye amlilie nani?

Sahibu yangu mmoja hufundisha chuo kikuu, na si lazima nikitaje. Mwaka jana alipoteza somo alilolifundisha miaka sita. Hakuitwa wala hakuandikiwa. Aliona ratiba mpya kwenye kundi la WhatsApp, jina lake halipo. Alinieleza barazani tukinywa kahawa, akaniuliza: niende kwa nani?

Mkuu wa idara ndiye aliyempokonya. Mkuu wa kitivo ni rafiki wa mkuu wa idara. Afisi ya rasilimali watu ukiingia tu, faili imefunguliwa, nayo ikifunguliwa itakufuata mpaka siku ya kupandishwa cheo. Chama kina vita vyake. Ule mgomo wa siku 49 wa 2025 ulikuwa wa kudai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021, na ilikuwa haki yao. Lakini chama hakigomi kwa ratiba ya mtu mmoja.

Basi akanyamaza. Mikutano akaikwepa, alama zikachelewa, na wanafunzi wasiojua lolote ndio walioumia.

Wenzetu Marekani wana mtu wa kazi hii. Michigan State University ilifungua afisi yake 1967, mwanzo kwa wanafunzi, na baadaye vyuo vingi vikawawekea wahadhiri pia. Mtu huyu hatoi hukumu, haweki faili yenye jina lako, wala hampelekei mwajiri habari zako, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Anakusikiliza, anakuonyesha milango iliyopo, na ukimruhusu anakwenda kuzungumza na mwenzako. Kwa wakubwa husema tu kwamba malalamiko ya ratiba yamezidi, bila kumtaja mtu.

Sisi tuna Tume ya Utekelezaji wa Haki, tunayoiita Ombudsman, tangu 2011. Ile ni ya malalamiko rasmi dhidi ya afisi za umma. Ukiipelekea jambo la ratiba, umeshatangaza vita.

Shida yetu Pwani ni kujuana. Huyu shemeji, yule alikusomesha. Mtu wa siri akiwekwa chumba kinachopakana na utawala, kila anayeingia ataonekana, na kufikia alasiri mji mzima unajua. Ningependa awe mtu wa nje, mwalimu mstaafu au kadhi mstaafu, anayehudumia vyuo viwili au vitatu, anayepatikana kwa simu, na ambaye mkuu wa chuo hawezi kumfuta kazi peke yake. Akiwa chini ya mkuu huyo, jina lake ni mpelelezi.

Tena asigeuzwe pazia. Unyanyasaji wa kingono hauna sulhu ya chini kwa chini. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera juu yake. Sisi hodari wa kufunika mambo kwa kisingizio cha aibu, tuangalie hapo.

Sahibu yangu alikutana na mkuu wake wa idara mwezi uliopita, matangani. Yule bwana alishangaa. Somo lilihamishwa kwa muhula mmoja tu, ili mwalimu mpya atimize saa zake, na alidhani karani ameshamwarifu. Mazungumzo yao hayakufika dakika kumi. Wakati huo sahibu yangu alikuwa ameshapeleka maombi ya kazi Dodoma.