Jinamizi Si Kazi ya Mchawi

Mtu aliyelala chali baada ya siku ya kazi nyingi huweza kuzinduka usiku wa manane, akajiona hawezi kuinua mkono wala kutoa sauti. Kifua chake kimelemewa, na kando ya kitanda aona kivuli kama cha mtu aliyesimama. Hali hiyo huitwa jinamizi. Wako watu katika Kisii na Nyamira ambao kukipambazuka humtafuta omorogi, yaani mchawi, na macho yao huelekea kwa ajuza wa jirani.

Tuhuma ya namna hiyo si jambo dogo. Mwezi wa Mei, 2008, watu 11 walichomwa moto wakafa huko Kisii kwa kudhaniwa wachawi. Na Oktoba 2021 wanawake wazee 4 waliuawa huko Marani kwa shutuma hiyo hiyo. Uvumi hustawi mahali ambapo jambo halina maelezo.

Lakini jinamizi lina maelezo yake. Mtu aotapo ndoto, ubongo huvifunga viungo vyake asije akainuka na kutenda ayaotayo. Mara nyingine akili huamka kabla ya kifungo hicho kufunguliwa: macho yaona chumba, na ndoto haijakwisha. Ndipo kivuli huonekana. Baada ya sekunde au dakika chache hali hiyo hupita, wala haiui. Humpata zaidi mtu aliyekosa usingizi, mwenye wasiwasi, au asiye na utaratibu wa kulala.

Basi dawa ya kwanza ni usingizi wenyewe. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Aupunguzaye kwa siku nyingi hujiletea hatari ya shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari; kumbukumbu hupungua, na huzuni na hasira humkaribia. Mchuma chai wa Nyansiongo aamkaye alfajiri, na karani akeshaye na simu yake, kila mmoja na aweke saa maalum ya kulala na kuishika. Chai nayo, ijapokuwa ndiyo mali ya vilima hivi, isinywewe usiku, kwa maana nguvu yake ya kufukuza usingizi hudumu mwilini saa nyingi.

Yafaa pia kuwafikiria wazee wenyewe. Baadhi yao hupatwa na maradhi ya ubongo yaletayo usahaulifu na kuvuruga usingizi: mchana husinzia, na usiku hutoka nje wakinena maneno yasiyoeleweka. Amwonaye ajuza akizunguka shambani gizani asipige yowe. Amshike mkono, amrudishe nyumbani, na jamaa zake wampeleke kwa daktari.

Na yeye asumbuliwaye na jinamizi mara kwa mara, aende zahanati kabla hajalitaja jina la mtu.