Kamati za Arusi na Mazishi Ziwe na Mhariri wa Kanda

Yeyote aliyewahi kuhudhuria arusi au mazishi katika vitongoji vya Busia na Malaba anafahamu kwamba siku hizi hakuna shughuli isiyokuwa na mpiga picha za video. Kabla hema halijasimamishwa na viti kupangwa, kijana mwenye kamera huwa amekwisha kufika, na kando yake wapo wengine kumi walioinua simu zao juu. Hilo si jambo baya hata kidogo. Linalotutia wasiwasi, na ambalo limenyamaziwa kwa muda mrefu, ni yale yanayofuata baada ya kamera kuzimwa.

Si zamani sana mwandishi wa safu hii alialikwa nyumbani kwa jamaa mmoja nje kidogo ya Malaba ili kutazama kanda ya mazishi ya mama mzazi wa nyumba hiyo. Miongoni mwetu alikuwapo binti wa marehemu, ambaye siku ya maziko alikuwa amelazwa hospitalini upande wa Tororo. Kanda ilidumu saa nne na nusu. Tuliliona hema kutoka angani, tukayaona magari ya waheshimiwa yakiegeshwa moja baada ya jingine, kisha tukasikiliza hotuba za wanasiasa kwa muda wa saa moja na nusu. Aliposimama mjomba, yaani kakake marehemu, kueleza jinsi dada yake alivyolelewa na wosia aliouacha, sauti yake ilikuwa imeondolewa na mahali pake pametiwa wimbo wa kinanda wa kuhuzunisha. Midomo ya mzee ilikuwa ikisogea tu. Binti yule aliomba kipande hicho kirudishwe nyuma mara tatu. Alipopigiwa simu mtengenezaji wa kanda, alijibu kwa upole kwamba picha zote za asili alikuwa amekwisha kuzifuta ili apate nafasi kwenye kadi kwa ajili ya arusi ya Jumamosi iliyofuata.

Hatumlaumu kijana huyo peke yake. Alilipwa kwa siku moja, hakupewa orodha ya wasemaji, na kwa kuwa Kiteso hakukifahamu, kwake maneno ya mjomba yalikuwa kelele zinazoweza kufunikwa na muziki. Lawama kubwa zaidi ni yetu sisi wenye shughuli. Katika kila arusi na kila matanga huundwa kamati. Huteuliwa mwenyekiti, mweka hazina, msimamizi wa mapishi, hata wa kuelekeza magari. Hateuliwi hata mmoja wa kujua ni nini kitakachosalia kwenye kanda.

Twaonelea kwamba jambo hili lina uzito zaidi hapa mpakani kuliko kwingineko. Miji yetu hii miwili, kila mmoja una ndugu yake wa jina lile lile upande wa pili. Waiteso wako Amagoro na Amukura, na wako Tororo na Soroti; Wasamia nao vivyo hivyo wamegawanywa na mstari uliopitishwa na Waingereza walipoihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda mwaka 1902 na kuitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Machi 2020, Uganda ilipowafungia wasafiri mipaka yake kwa sababu ya korona, na Kenya ikaamuru waombolezaji wasizidi 15 kwenye mazishi, familia nyingi ziliwazika wapendwa wao zikiwa na nusu tu ya ukoo. Malori yalipita, japo baada ya kukwama kwenye foleni ya kilomita nyingi; shangazi hakupita. Aliyekuwa ng'ambo alitegemea alichotumiwa kwenye simu. Kwa mtu kama huyo kanda haikuwa pambo la sherehe. Ilikuwa ndiyo maziko yenyewe.

Basi, kuna haja gani ya kumwachia mgeni kazi hii yote, ilhali vyombo vya kuifanya vimo majumbani mwetu? Wale wenye umri wa kutosha watakumbuka enzi za kanda za VHS. Kuhariri wakati huo kulihitaji mashine mbili zilizounganishwa kwa nyaya: moja ikicheza, nyingine ikinakili. Kila nakala ilipunguza ubora wa picha, na ukikosea kipande cha tatu ulilazimika kurudia kazi yote kuanzia hapo. Programu za leo zafanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Faili ya asili haiguswi. Kinachopangwa kwenye ule mstari ulio chini ya kioo cha kompyuta ni maagizo tu: anza hapa, ishia pale, kisha ingiza hiki. Ukikosea unarudi nyuma, wala hakuna kilichoharibika. Programu kama Shotcut, Kdenlive na OpenShot hazitozwi hata senti. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila yahitaji kompyuta yenye nguvu. Mwenye kompyuta kuukuu asikate tamaa, kwani Shotcut na Kdenlive huweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha zikarejea kwenye picha kamili wakati wa kutoa kanda iliyokamilika.

Hata hivyo, programu haiwezi kumponya asiyejipanga. Tumewaona vijana hodari wa kompyuta wakikesha siku tatu mbele ya rundo la vipande visivyo na majina, wasijue pa kuanzia. Kazi kubwa ya kuhariri hufanywa kabla ya kamera kuwashwa, na hufanywa kwa kalamu. Aliyeteuliwa na kamati aketi na mzee wa ukoo jioni ya kuamkia shughuli, aandike kwenye ukurasa mmoja: nani lazima asikike tangu neno la kwanza hadi la mwisho, nani atatosha kuonekana, ni tendo lipi la kimila litakalofanywa, saa ngapi, na je, laruhusiwa kupigwa picha? Aulize pia shughuli itamalizika lini. Jirani zetu Wabukusu wana desturi ya kumuse, ambapo omuseni huwahutubia watu siku chache baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Mpiga picha aliyelipiwa siku ya jeneza pekee huwa amekwisha kwenda zake, na maneno mazito kuliko yote yakaenda na upepo.

Sauti ndiyo inayopuuzwa zaidi, ingawa mtazamaji huvumilia picha yenye giza kuliko maneno yasiyosikika. Dawa yake ni rahisi. Simu ya pili iwekwe mfukoni mwa msemaji au karibu naye, inase sauti tu. Mtu mmoja apige kofi kubwa mbele ya kamera mwanzoni. Baadaye, katika kuhariri, mlio wa kofi hilo ndio utakaotumiwa kulinganisha sauti ya simu na picha ya kamera. Mwenye simu naye aishike kwa ulalo na atulie walau sekunde kumi mahali pamoja, badala ya kuizungusha kama mwenye kufukuza nyuki.

Shughuli ikiisha, hesabu ya nafasi ianze. Simu inayorekodi kwa ubora wa kawaida wa sasa yaweza kujaza takriban gigabaiti 8 kwa saa moja. Sherehe ya saa sita basi itakaribia gigabaiti 48, na hapo ndipo kishawishi cha kufuta huanza. Usiku huo huo, kabla watu hawajalala, kila kitu kinakiliwe mahali pawili, na sehemu moja ipelekwe nyumba nyingine. Isaac Nabwana, mtengenezaji wa filamu wa mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, alitoa filamu yake Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, ikaja kutazamwa na mamilioni ulimwenguni. Lakini filamu hiyo katika hali yake ya kwanza haipo tena, kwa sababu aliifuta apate nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya msimulizi juu yake. Ikiwa hilo lilimpata mtu ambaye filamu ndiyo kazi yake, sembuse sisi?

Kisha lifuate zoezi ambalo wengi hulikimbia, nalo ni kuketi na kutazama yote bila kukata chochote, daftari mkononi. Andika dakika na tukio: mjomba aanza, dakika ya 42, mvua, watoto wa shule waimba. Saa nne za kutazama kwa makini zitakuokolea siku mbili za kubahatisha. Baada ya hapo weka vipande vya lazima kwanza, kwa mfuatano wake, bila mapambo. Ukiisha kuona kwamba hadithi yaeleweka, ndipo urekebishe sauti, uandike majina ya wasemaji, na mwisho kabisa, kama kuna haja, utie muziki mahali ambapo hakuna anayezungumza.

Tunajua wapo watakaosema kwamba wageni hupenda kujiona, na kwamba kanda fupi huleta manung'uniko. Ni kweli, tumewahi kulaumiwa sisi wenyewe kwa kumwacha nje diwani fulani. Kwa hiyo tengenezeni kanda mbili kutokana na picha zile zile: moja ndefu ya kuwekwa nyumbani, na nyingine ya dakika 20 ya kutumwa kwa walio mbali. Mheshimiwa ana wapiga picha wake, na hotuba yake haitapotea. Hiyo fupi isitumwe kwenye WhatsApp kama video ya kawaida, maana hubanwa hadi nyuso zikafifia. Itumwe kama faili, njia ambayo tangu mwaka 2022 imeruhusu hadi gigabaiti 2.

Yapo pia maandishi ya chini ya picha, ambayo programu zote tulizotaja zaweza kuyaweka. Wajukuu wetu waliozaliwa Nairobi na Kampala wengi wao hawasikii Kiteso wala Kisamia. Mhariri aliye mwana wa nyumba anaweza kuketi na bibi yake, wakayafasiri maneno ya mjomba kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Kazi hii huchukua muda, pengine jioni nzima kwa dakika kumi za hotuba. Hakuna mpiga picha wa kukodi atakayeifanya, na hata akiahidi, msimwamini.

Kuhusu kanda kuukuu za VHS zilizojaa kabatini, zishughulikiwe mapema. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mashine zilizosalia zinazidi kuharibika, na utepe wenyewe hudhoofika kwa joto na unyevu. Mwenye mashine nzima na aizunguke mitaa ya jamaa zake sasa, akiwa na kile kifaa kidogo cha kuiunganisha na kompyuta.

Desemba ni mwezi wa mahari, arusi na kumbukumbu za marehemu, na kamati zake huanza kukutana mapema. Twaziomba zitenge fungu dogo la kununua diski ya kuhifadhia, na katika kikao cha kwanza, kabla ya kujadili bei ya ng'ombe, ziandike jina la kijana au binti wa ukoo atakayeihariri kanda. Binti wa Malaba alituuliza kama kuna fundi wa Nairobi anayeweza kuirudisha sauti ya mjomba wake. Ilitubidi kumwambia kwamba kwenye kanda ile sauti haimo, na kadi imekwisha kuandikwa upya mara nyingi. Mzee yu hai bado, naye amekubali kuyasema tena maneno yake, mradi safari hii kamera iwe mikononi mwa mjukuu wake.