Mamangu alisema polisi wako sawa

Wanangu, Jumamosi moja kaja dada na tableti hapa kwetu Kisauni. Utafiti wa maoni, nchi nzima. Kura ikamwangukia mamangu. Kaulizwa, je, polisi huwatendea raia haki? Akajibu mbio, "Wako sawa tu, mwanangu."

Mama huyohuyo, miezi miwili nyuma, alikesha siku mbili kakangu alipobebwa kwenye msako, akaja kuachiliwa bila kesi. Dada alipoondoka nikamuuliza mbona. "Wewe wajua katumwa na nani?"

Sasa skiza. Chuo niliacha, lakini hesabu sikuacha. Afrobarometer, walioanza tafiti hizi Kenya 2003, huhoji watu wazima kama 2,400 nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, Mombasa tukiwa milioni 1.2. Ukigawa kwa idadi hiyo, kaunti nzima yapata watu kama 60. Sitini, bana! Matatu nne zajaa wanabaki wachache stejini, na hapo ni Likoni, Changamwe, Kisauni na wengine wote pamoja. Kwa picha ya Kenya nzima yatosha. Kwa Likoni peke yake haikwambii kitu.

Na bado sitaki ziachwe. HAKI Africa na MUHURI wako hapahapa Mombasa, wapokea malalamiko, ila mpaka mtu aende. Mamangu hajaenda popote. Utafiti ndo kitu pekee kilichomfuata mpaka mlangoni.

Afrobarometer wenyewe wajua hiyo hofu. Swali lao la mwishomwisho ni: unadhani nani katutuma? Wako wengi hujibu serikali. Mimi hilo jibu ningeliweka juu kabisa ya ripoti, halafu "wako sawa" za hao watu nizisome kando, nisizichanganye na za wengine.

Kwa hivyo anayetaka kupima haki za binadamu kwa tafiti, aongeze watu wa kuhojiwa Pwani mpaka Likoni ipate namba yake, Kisauni yake. Na mhoji atafute pembe ya faragha, si barazani majirani wamekodoa macho kama siku ile.

Kakangu alikuwa chumbani wakati wote, asikia. Nikamuuliza yeye angejibuje. Kasema angemwambia dada arudi kesho, halafu kesho yake asingekuwepo.