Tundu la sungura na jua la Kyuso



Ukurasa huu ulikosekana majuma matatu, na baadhi yenu mliniletea salamu mkidhani ninaumwa. Sikuumwa, alhamdulillah. Nilikuwa Kyuso, kwa mdogo wangu aliyejifungua mtoto wa pili, nami nilikwenda kumkalia uzazini. Kwa asiyepajua, hushika njia ya Kibwezi, Mutomo na Kitui hadi Mwingi, kisha huelekea kaskazini. Ni nchi ya Wakamba, nchi ya migunga na mibuyu, ambako maji hununuliwa kwa mtungi na kuletwa na punda. Mwezi wa Februari hewa yake ni kavu mno: nguo zilizoanikwa saa nne huanuliwa saa tano.

Nilidhani kazi yangu itakuwa uji wa mzazi na kumwogesha mtoto. Kumbe ilinisubiri kazi nyingine, ya nyundo na msumeno.

Mwanawe wa kwanza, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameona katika simu ya mama yake watoto wa Ulaya wakimjengea hamsta nyumba ya ghorofa tatu, yenye ngazi na gurudumu la kukimbilia. Hamsta ni jamaa ya panya, mnene, asiye na mkia wa kutajika. Na hawa wa rangi ya dhahabu asili yao ni nchi ya Sham, pande za Halab, walikokamatwa mwaka 1930 na kutoka hapo wakaenea duniani. Binti akamtaka. Kyuso utampata wapi? Baba yake akamnunulia sungura watatu, majike wawili na dume, na akamwagiza fundi tundu.

Fundi yule alikuwa hodari wa kazi yake, ila kazi yake ilikuwa masanduku. Alitengeneza kitu imara cha mabati pande zote, kimepakwa rangi ya kijani, chenye kufuli na matundu manane ya kupitishia hewa, sakafu ya plaiwudi. Kingefaa sana kuhifadhia nyaraka. Kiliwekwa uani, juani, na siku ya tatu tangu nifike, baada ya adhuhuri, jike mmoja akafa. Wale wawili tuliwakuta wamejinyoosha, midomo wazi, pua zimelowa, masikio mekundu kwa ndani. Niliweka mkono juu ya bati nikauondoa upesi.

Mtoto hakulia. Aliniuliza tu: “Khalati, amekufa kwa sababu yangu?”

Nilimsimulia kisa cha Abu Umayr, yule mtoto wa Madina aliyefiwa na kindege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomtania kwa upole ili kumwondolea huzuni. Wanavyuoni wamekitolea kisa hicho hoja kwamba mtoto huweza kufuga kiumbe kidogo na kustarehe nacho, maadamu kinatunzwa. Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie, hiyo sikumtajia yeye. Niliwatajia wazazi wake usiku, mtoto amelala.

Mdogo wangu alisema sungura waliobaki wagawiwe. Hakukosea: ana mchanga kifuani, maji ya kununua, na mwili bado haujarudi. Shemeji akataja mchuzi, akanyamazishwa. Mimi niliomba siku tatu.

Ilinibidi kwanza nijue huyu sungura ni nani. Yule mjanja wa hadithi zetu ni sungura wa porini, anayelala wazi kwenye nyasi na kutegemea mbio zake. Huyu wa kufugwa ni mwingine kabisa. Asili yake ni Andalusi na pande zile, na huko aliishi chini ya ardhi, katika mashimo yenye giza na ubaridi. Hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitoa kwa masikio na kwa pumzi. Wafugaji husema hustarehe kati ya nyuzi 15 na 25 hivi, na zikipita 30 huanza kutaabika. Kumtia ndani ya bati juani ni kumtia ndani ya sufuria na kufunika kifuniko.

Basi siku ya kwanza tulilihamisha tundu tukaliweka chini ya mwarobaini, ubavu mrefu ukielekea kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile ncha fupi tu. Hilo halikugharimu senti, nalo ndilo lililofaa kuliko yote. Tuliliinua kwa nguzo nne hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima, kila mguu ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya siafu. (Makopo hayo yazungushieni miiba, mtoto atambaaye asiyafikie.)

Siku ya pili ilikuwa ya kukata. Mbavu ndefu mbili za bati zilitoka, ukaingia wavu wa waya uliochomelewa, wa mraba wa nusu inchi. Msidanganyike na wavu mwembamba wa kuku kwa sababu ni rahisi: mbwa huurarua, na nyoka hupenya. Huko kuna nguchiro na paka pori. Ncha za waya tulizipinda zikatazama nje, na juu yake tukapigilia fito, maana ncha moja iliyosahauliwa hutoboa jicho. Paa la bati tulilibakisha, lakini tulilinyanyua shubiri moja ili hewa ipite, kisha tukaliezeka kwa nyasi juu. Makuti yangekuwa bora. Huko hakuna mnazi.

Sakafu ya plaiwudi ilikuwa imelowa mikojo, na harufu yake ilichoma macho yangu mimi, sembuse yao ambao pua zao zilikuwa shubiri moja kutoka hapo. Tuliing'oa. Theluthi mbili tukaweka wavu ule ule, kinyesi kianguke chini, na theluthi moja tukapanga fito zilizobanana, kwa sababu anayesimama juu ya waya mchana kutwa hupata vidonda vya nyayo. Chini yake tuliinamisha kipande cha bati kilichobaki, kikapeleka samadi kwenye kitalu cha sukuma wiki. Mdogo wangu, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni na kanga yake begani, hapo ndipo aliponyanyua uso.

Jirani yao ni mzee wa nyuki. Alikuja kuona mwanamke wa Pwani akipiga misumari, akacheka kwa adabu, akaondoka, akarudi na mzinga wa zamani, gogo lililochongwa ndani likawa wazi, limepasuka upande mmoja. “Mama, wape hiki,” akasema. “Mnyama wa shimoni ataka shimo.” Tuliukata ukawa nusu, tukakwangua nta yote, tukaufukiza moshi na kuuanika siku nzima, kwani nta ikibaki huita chungu na hata nyuki. Tulipouingiza tunduni, jike aliyebaki aliunusa, akaingia, akageuka, tukabaki tunaona pua tu. Tangu siku ile, mchana wote huwa humo. Na wanautafuna vizuri. Meno ya sungura hayaachi kukua, na asiyekuwa na mti wa kutafuna atatafuna tundu lenyewe. Kwa hiyo kila ubao unaoingia ndani uwe mtupu, bila rangi wala dawa ya mchwa.

Sasa maji, ambayo ndiyo yaliyomtia mdogo wangu mashaka tangu mwanzo. Sungura mkubwa wa kilo tatu hunywa kiasi cha robo lita au zaidi kidogo kwa siku, na wakati wa joto hupita hapo. Chombo cha plastiki walikipindua na kukitafuna. Tulikibadili kwa bakuli zito la udongo, ambalo hutoa jasho na kuyafanya maji yapoe, kama mtungi wa bibi zetu. Hayo ni ya kunywa. Ya kupozea tundu tuliyapata kwingine. Nilimwomba kila mtu nyumbani atawadhe juu ya beseni, na maji yale yakawa yanamwagiwa gunia tulilolitundika upande wa kaskazini, nje ya wavu, huku upande wa kusini ukiachwa wazi. Upepo wa kaskazi hufika hata huko, ingawa bila harufu ya bahari. Ukipita katika gunia bichi huingia tunduni umepoa. Niliingiza mkono nikashangaa.

Nanyi wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu msiige hili la gunia. Hewa yetu tayari imejaa maji, gunia halitakauka, halitapoza, litaota ukungu tu na kuwapa wanyama mafua. Kwetu tafuteni kivuli na upepo, basi.

Chakula nakitaja kwa ufupi, maana siku hii ni ya tundu. Majani mabichi yalazwe kivulini hadi yanyauke, yasiwatie gesi tumboni. Majani ya mparachichi ni sumu, na ya nyanya msiwape.

Siku ya tatu tuliweka kizuizi cha wavu katikati, dume huku, jike kule. Wamekaa pamoja muda gani hakuna aliyehesabu, na joto kali humfanya dume asizalishe kwa majuma kadhaa, kwa hiyo hatukujua kama jike ana mimba. Lakini mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Nikamwambia binti apige mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi tangu siku ya kizuizi. Ikipita 33 bila kitu, hakuna mimba. Tukatengeneza na sanduku la kuzalia, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, matobo madogo chini, kizingiti kirefu kiasi ili vitoto visianguke, maana huzaliwa uchi na vipofu, wakikaa siku kumi hivi kabla ya kufumbua macho. Nikamweleza pia kwamba mama yao huwanyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huwaacha. Aliona jambo hilo si la haki. Alimtazama mama yake, ambaye mchanga hakumpa nafasi hata ya kunywa chai, akanyamaza.

Nilirejea Jumamosi. Jana usiku mdogo wangu alinipigia simu, na hakuanza na habari za mchanga. Mistari ukutani ni kumi na saba, na jike tangu alasiri anabeba nyasi mdomoni akizipeleka ndani ya mzinga na kuzitoa tena. Nimemwambia aingize sanduku usiku ule ule, alilaze karibu na mdomo wa mzinga, atie nyasi kavu tele, na binti asichungulie kabla ya asubuhi.