Taa ya Bluu Haifugi Samaki

Wasee wangu, leo sina muziki wala mbwembwe. Niko nyumbani Kisegi, ziwa liko hapo chini, na mbele yangu kuna tanki tupu. Nimekuja kubishana, na naanza na mimi mwenyewe.

Nilipoacha chuo nilikuwa na akiba ya shilingi 30,000. Mtoto wa ziwa, nikatamani bahari: nikajenga tanki la maji chumvi. 19,000 zikaenda kwa taa. Kioo, chumvi, samaki watatu kutoka Pwani na kachujio kadogo vikagawana makombo. Video ikatazamwa vibaya sana. Siku ya tisa samaki wote walikuwa wamekufa. Hiyo sikuwaonyesha.

Tunapenda taa kwa sababu inaonekana kwa kamera. Chujio linakaa nyuma, linanguruma, halina laiki. Lakini samaki haishi kwa laiki. Samaki anakojoa mle mle anamopumua. Uchafu wake na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Ndani ya chujio wanakaa bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti, ambayo ina nafuu na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Mimi niliweka samaki siku ya pili. Sikuwafuga, niliwaua.

Mtasema, "Na matumbawe je?" Sawa. Matumbawe yana mwani mdogo ndani yake unaotengeneza chakula kwa mwanga, kwa hivyo yanataka taa kali. Lakini wangapi kati yetu tunafuga matumbawe? Kama ni samaki tu, taa ya LED ya kawaida inatosha. Mwanga ukizidi, unafuga mwani kwenye kioo.

Halafu kuna stima. Ikipotea usiku, taa ikizimika samaki hajali, ni usiku tu. Chujio likisimama, hewa ndani ya maji inapungua, na joto letu hili la ziwani linazidisha, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ukae hivyo saa nyingi, hata wale bakteria wanaanza kufa.

Kwa hivyo panga pesa hivi: chujio kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, pampu ya hewa ya betri, vipimo vya amonia, kisha chumvi ya tanki, si ya ugali wala ya mboga. Taa iwe ya mwisho. Pesa haitoshi? Ngoja. Kungoja ni bure.

Kwa nini nakasirika? Jamaa mmoja wa Mbita aliniandikia kwamba ameuza mbuzi wawili anunue taa kama yangu. Nilimjibu kwa emoji ya moto. Mbuzi wawili, na mimi naweka moto!

Nimempigia simu, nikamwambia ukweli wote, na tunatafuta mtu wa kununua ile taa yake. Yangu pia inauzwa. Video nimeitoa.

Na nyinyi mnaotuuzia taa za bluu kila wiki: tuonyesheni chujio. Kisha mtuonyeshe tanki hilohilo baada ya miezi mitatu. Nangoja.