Malezi ya Nyumbani: Mtoto Akataaye Poti

Mama mmoja wa hapa Kisiwani aliniletea mwanawe chuoni mwezi uliopita, mtoto wa kiume aliyekaribia miaka mitatu, akaniomba nimpokee pamoja na nduguye mkubwa. Nikamwuliza, "Je, husema akitaka haja?" Akainamisha macho. Akaeleza kwamba mtoto akionyeshwa poti hulia. Akipelekwa chooni huishika kanga ya mamaye kwa mikono miwili. Kisha akirudishwa ndani hujificha nyuma ya mlango na kumaliza haja yake katika nguo. Mama mkwe amesema mtoto hajachapwa vya kutosha. Baba amesema ni jeuri. Na mama mwenyewe zimekwisha kumpita sala kadha wa kadha, kwani kila akijitazama huona nguo yake haina tahara. Ninajua kwamba hayuko peke yake, basi nimeona jawabu niliandike hapa ili na wenziwe wafaidike.

Nitaanza na fimbo. Wasomaji wanaikumbuka khabari ya yule Bedui aliyesimama akakojoa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.). Watu walimkemea, Mtume akawakataza wasimkatize. Alipokwisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Ikiwa mtu mzima, tena ndani ya msikiti, aliachwa amalize, basi mtoto mchanga juu ya mkeka wa nyumbani ana udhuru ulio mkubwa zaidi. Na katika kukatizwa kuna madhara ya mwili pia. Mtoto aliyeogopa hujikaza, na haja hairuhusiwi na mwili uliojikaza. Unamchapa ili aende, kumbe fimbo ndiyo imfungayo.

Hapa ndipo penye khatari yenyewe, nami nawaombeni wazazi mpasome mara mbili. Mtoto azuiaye haja kubwa, ama kwa kuogopa choo ama kwa kuogopa kuchapwa, kinyesi hukaa tumboni kikakauka na kuwa kigumu. Siku atakapokitoa kitamwumiza, pengine na kumchana. Kwa kukumbuka maumivu hayo atazuia tena, na kila azuiapo kinazidi ugumu. Mwisho utaona choo chepesi kikipenya pembeni mwa kile kigumu na kuichafua nguo mchana kutwa, bila mtoto mwenyewe kujua. Mama hudhani ni kuhara, akampa dawa ya kufunga tumbo! Wengine humtia kipande cha sabuni. Haya yote yaachwe. Mtoto wa namna hii apelekwe zahanati, alainishwe choo kwa dawa ya huko, anyweshwe maji ya kutosha, apunguziwe maziwa ya ng'ombe ikiwa ndiyo chakula chake kikuu, apewe papai, embe, mchicha na kunde. Na habari ya poti isitajwe kabisa mpaka yapite majuma kadha ambayo anapata choo laini bila kulia. Mtoto ambaye haja yake ni maumivu hafundishiki.

Sasa watauliza mabibi: mbona sisi tuliwafundisha mapema, wala hapakuwa na vita? Ni kweli, nao wanao ushahidi. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, walieleza katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, waliyoyaona kwa Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza katika majuma ya mwanzo ya uhai wa mtoto. Alikaa chini akanyosha miguu, akamweka mtoto baina ya miguu hiyo, mgongo wa mtoto umeegemea mwili wake, kisha akatoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa alinyonyeshwa na kubembelezwa. Alipofika miezi minne au mitano alitarajiwa kukojoa kwa sauti ile, na kwa miezi mitano au sita aghalabu alikuwa mkavu usiku na mchana.

Miaka 15 kabla ya hapo, yaani 1962, daktari wa Marekani, T. Berry Brazelton, alikuwa ameandika juu ya watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa wamngoje mtoto mpaka aonyeshe mwenyewe kuwa yu tayari. Kwa wastani watoto hao walifaulu mchana walipokuwa na miezi 28 na nusu.

Mimi sioni kuwa mmoja katika hawa amekosa. Mama wa Kidigo alikuwa na mtoto mwilini mwake mchana kutwa, na bibi, shangazi na dada walikuwa karibu kumpokea. Mama wa leo wa Kisiwani hupanda gari kwenda Same kuuza na kununua, mtoto akaachwa kwa mtoto mwenziwe, naye amefungwa pampasi ambayo haimjulishi kwamba amelowa. Njia ya mapema imekwisha mpita, si kwa uvivu wake. Lililo baya ni kuiacha njia ile mtoto akiwa mchanga, kisha akifika miaka miwili kutaka kuifidia kwa juma moja kwa mkwaju.

Basi aanzeje? Amtazame kwanza. Mtoto akaaye mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, awezaye kuchutama na kuinuka, naye husema au huonyesha kwamba amechafuka, huyo amekaribia. Hata yule anayejificha nyuma ya mlango yu karibu sana, kwani amekwisha kuijua haja kabla haijatoka! Avuliwe pampasi mchana, avae chupi nyepesi. Akalishwe kwenye poti baada ya kula, kwa kuwa tumbo hutaka kutoa wakati huo, asipitishe dakika tano. Asipofanya kitu ainuliwe bila maneno. Akifanya asifiwe. Siku akikataa, aachwe.

Poti lenyewe liwe fupi, nyayo zake zikanyage chini. Na choo cha shimo, enyi akina baba, ni kazi yenu. Tundu lililo sawa kwa mtu mzima ni kisima kwa mtoto, na hofu yake si jeuri hata kidogo. Mwenye mbao na msumeno na akate kibao chenye tundu dogo cha kuweka juu yake. Usiku mtoto asitolewe nje gizani, khasa katika vitongoji ambavyo tembo wa Mkomazi hupita. Poti likae ndani. Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano ni kawaida, na wengine huendelea baada ya hapo bila ugonjwa wo wote. Lakini akikojoa kwa maumivu, au kwa kiu isiyokwisha, au akirudia kujikojolea baada ya kukaa mkavu kwa miezi, mganga wa zahanati amwone.

Juu ya sala, mama huyu asijitie dhiki. Ummu Qays alimleta kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe mdogo ambaye hajaanza kula chakula, mtoto akamkojolea nguo, Mtume akataka maji akanyunyizia. Mtoto wa kiume alaye chakula mkojo wake huoshwa, na wa msichana huoshwa kwa hali zote, katika madhehebu yetu ya Shafii. Kwa hiyo nguo moja ya sala itundikwe msumarini isiguswe na mtoto, na mahali pa kusalia patengwe. Kuosha ni kazi ya dakika chache, haifai kuwa sababu ya kuiacha alasiri.

Limebaki la kinyesi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili wa Tanzania kuisikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vingi vikachimbwa. Hata hivyo wapo mpaka leo wanaodhani kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara, wakakitupa nyuma ya nyumba. Kina minyoo na kipindupindu kama cha baba yake. Kitiwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, ya mama na ya mtoto. Na zile pampasi zisitupwe katika mifereji: maji hayo yashukayo kutoka milimani humwagilia mashamba yetu, na wapo jirani chini yetu wanaoyachota.